Mchana natoa watu damu, usiku silali kwa kumwogopa mnywa damu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, naishi Tanga. Nafanya kazi maabara ya hospitali. Natoa watu damu, napima malaria, wingi wa damu, grupu, na mgonjwa akihitaji kuongezewa damu mimi ndiye ninayelinganisha yake na ya mchangiaji kabla chupa haijapanda wodini. Nayasema haya mapema usije ukanidhania mwoga. Damu nimeizoea kama muuza samaki alivyozoea magamba.

Mume wangu yuko Geita, mgodini, huja nyumbani kila baada ya miezi miwili au mitatu. Naishi na mama yake na mwanangu wa miaka sita. Mama ni mtu mwema, tunapendana, na ugomvi wetu haujawahi kuzidi chumvi ya mchuzi. Mpaka kilipoingia hiki kitabu.

Mfanyakazi mwenzangu aliniazima riwaya ya Dracula, ya Bram Stoker. Alisema ni ya zamani sana, ya mwaka 1897, na kwamba itaninyoosha Kiingereza. Mwanzo nilisoma kwa kusuasua. Kijana mmoja mwanasheria anasafiri hadi kwenye ngome ya bwana mkubwa huko milimani, anakaribishwa vizuri, analishwa. Asubuhi moja anajinyoa, bwana mwenye nyumba anamwamkia karibu na bega lake, naye kwenye kioo anakiona chumba kizima ila yule bwana hayumo. Hapo ndipo niliponaswa. Usiku huo nilisoma mpaka saa nane. Kesho yake nikafika pale anapochungulia dirishani na kumwona mwenyeji wake anatambaa kushuka ukuta wa nje, kichwa chini miguu juu.

Kisha ikaja meli. Dirisha la maabara yetu linatazama bahari, na nikiwa zamu ya usiku naziona taa za meli zilizotia nanga. Kitabuni nahodha anaandika kila siku: leo baharia mmoja haonekani, leo mwingine, leo mwingine, mpaka meli inaingia bandarini na dhoruba, yeye mwenyewe maiti, mikono imefungwa kwenye usukani. Siku hizi zamu ya usiku nashusha pazia.

Kitu kimoja tu kilinichekesha. Kuna msichana anaitwa Lucy, ananyonywa damu usiku, na madaktari wanamwongezea ya wanaume wanne, mmoja baada ya mwingine, bila kupima grupu, bila kulinganisha chochote! Nilicheka peke yangu kitandani: hawa watamwua mgonjwa kabla mnywa damu hajamfikia. Lakini Lucy alipokufa, magazeti ya humo kitabuni yakaanza kuandika habari za watoto wadogo wanaopotea jioni na kuonekana asubuhi wana vidonda shingoni. Nikakifunga. Nina mtoto, Shangazi.

Sasa silali. Nawasha taa ya chumbani na ya ukumbini mpaka alfajiri, umeme wa LUKU haufiki mwisho wa mwezi na mama ananung'unika. Mwanangu alinisikia nikimsimulia jirani, sasa haendi chooni peke yake hata jua halijazama. Na wiki iliyopita, nimetoka zamu ya usiku na kulala asubuhi, niliamka nikiwa macho kabisa lakini siwezi kuinua hata kidole. Kifua kimekandamizwa. Mlangoni kuna kivuli cha mtu. Nataka kumwita mama, sauti haitoki. Lilipopita nilikaa kitandani nikalia.

Nilimweleza mama. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitabu. Jalada lake lina picha ya mdomo wenye meno mawili marefu na tone la damu. Akasema: "Mtu unatoa watu damu mchana, usiku unasoma habari za mnywa damu! Umemwita mwenyewe." Akafukiza ubani chumba kizima. Anataka aitwe shehe anisomee na ninywe kombe, na kitabu kichomwe kabla ya Ijumaa. Jirani naye amemtajia mganga wa njia ya Muheza anayetoa majini kwa laki tatu. Mume wangu sijamwambia. Naogopa atanicheka, au atamsikiliza mama yake.

Kitabu kinaweza kuita kitu? Nikimalize au nikiache? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?

Mama wa Mmoja, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Mama mkwe wako ana ulimi, mashaallah. Hiyo sentensi yake ya mchana na usiku ningeipenda niiandike mimi. Tutarudi kwake, maana naye ana lake. Kwanza tulimalize la asubuhi ile, kwa sababu ndilo linalowatisha wote mle ndani.

Kilichokupata ni jinamizi. Usingizi una kipindi chake cha ndoto nyingi zilizo wazi, na katika kipindi hicho ubongo huilegeza karibu misuli yote ya mwili usije ukainuka ukafanya unachokiota. Macho na pumzi ndivyo vinavyobaki kazini. Mara mojamoja akili huzinduka kabla mwili haujaachiwa. Unakiona chumba chako, unajua uko wapi, lakini mkono hauinuki, na ndoto nayo haijaondoka yote. Mabaki yake ndiyo uliyoyaona yamesimama mlangoni. Kifua huonekana kizito kwa sababu unajaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu na misuli ya kifua haikutii. Jambo hili huwapata zaidi watu waliokatiwa usingizi, wanaobadilishiwa saa za kulala, na wanaolala chali.

Hebu jiangalie. Wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana. Siku za kulala usiku unasoma mpaka saa nane. Ukishafunga kitabu unabaki na taa mbili machoni hadi adhana ya alfajiri. Ungekuwa unasoma kitabu cha mapishi kwa saa hizo hizo, jinamizi lingekukuta tu. Kwa hiyo mimi nazilaumu saa, kitabu hakina kesi.

Wewe ni mtu wa pwani, habari za Popobawa, yule shetani anayesemekana kuwavamia watu usiku, huzikosi. Mwaka 1995 hofu yake ilianzia Pemba, ikashika Unguja, ikavuka maji mpaka Dar es Salaam. Watu wazima na akili zao walitoa mikeka wakalala nje kwa makundi, wamewasha moto, hakuna anayethubutu kulala peke yake chumbani. Wengi waliosimulia yaliyowapata walisimulia yako haya haya: nimelala, nimekandamizwa, siwezi kusogea, sauti haitoki. Watafiti walioliangalia jambo lile baadaye waliyaona majinamizi humo. Na angalia mzunguko wake: mtu anakesha kwa hofu, kukesha kunamkatia usingizi, usingizi uliokatika unamletea jinamizi, na akilisimulia jinamizi lake asubuhi mtaa mzima unakesha. Visiwa viwili vilinaswa humo bila mtu kufungua riwaya hata moja ya Kiingereza.

Likikujia tena, usipigane nalo. Usijaribu kukaa kitako. Chezesha kidole cha mguu, au ulimi, vuta pumzi fupifupi, soma moyoni unachokisoma. Litakwisha lenyewe, mara nyingi hata dakika mbili hazifiki. Lala ubavu. Ukitoka zamu ya usiku tundika pazia zito, simu ibaki ukumbini, na ile kahawa ya jioni (nawajua watu wa Tanga) mwisho wake uwe alasiri. Taa ya chumbani zima. Ya ukumbini unaweza kuiacha wiki ya kwanza, nitakuombea radhi kwa mama kuhusu LUKU.

Sasa unauliza kama kitabu kinaweza kuita kitu. Majini ni jambo la imani yako na mimi si shehe, sitajitia kukufundisha. Ila hiki kitabu nimekisoma, na namna kilivyotengenezwa naijua kidogo.

Bram Stoker alikuwa Mwairishi aliyefanya kazi London, meneja wa jumba la michezo ya kuigiza la Lyceum, akimtumikia mwigizaji mkubwa wa zama zile, Henry Irving. Kwa miaka mingi alikaa akitazama watazamaji: lini wanakohoa, lini wananyamaza, lini wanashika mikono ya viti. Mwaka 1890 alikwenda kupumzika Whitby, mji wa bandari kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Kwenye maktaba ya pale akalikuta jina la Dracula katika kitabu kimoja cha habari za Wallachia, nchi ya zamani ambayo leo ni sehemu ya Romania. Akasikia pia habari za meli ya Urusi, Dmitry, iliyosukumwa na dhoruba ikakwama pwani ile ile Oktoba 1885, imebeba mchanga. Akaibadilisha jina ikawa Demeter, mchanga akauacha, akaongeza masanduku ya udongo na maiti kwenye usukani. Transylvania yenyewe, huko milimani alikoiweka ile ngome, hakuwahi kuikanyaga, aliisoma vitabuni. Alikaa na kazi hiyo karibu miaka saba kabla ya kuitoa. Basi iliyokufanya ushushe pazia la maabara ni ajali ya bahari, iliyoandikwa upya na mtu wa tiketi na majukwaa. Humo ndani hamna talasimu, hamna maneno ya kusoma mara saba usiku wa manane. Hakuna wa kuitwa.

Ujanja wake mkubwa ni mwingine, na nadhani ndio unaokunyima usingizi hata zaidi ya meno. Kitabu kina sura 27. Yule bwana yuko mbele yako katika nne za mwanzo, akizungumza nawe usiku kucha kama mgeni wake. Baada ya hapo humwoni ila kwa kupita: mbwa mkubwa anaruka kutoka melini, popo dirishani, ukungu unaoingia chini ya mlango, macho mekundu kwa mbali. Kila mtu mle ndani ana shajara yake, barua zake, simu zake za maandishi, isipokuwa yeye. Na wewe msomaji ndiye pekee uliyeshika karatasi zote. Daktari wa Lucy hajui kijana alichokiona kwenye ngome. Mama yake Lucy haambiwi lolote, kwa hiyo anayaondoa kwa mikono yake maua ya vitunguu saumu yaliyowekwa kumlinda mwanawe, na dirisha analifungua, eti chumba kina harufu. Unataka kupiga kelele, hakuna wa kukusikia. Usiku ukilala akili inarudi pale pale kujaribu kuwaambia.

Na kuna pale ulipocheka. Usipapuuze. Stoker alikuwa na kaka daktari wa upasuaji na alimuuliza mambo ya kitabibu, lakini kitabu kilitoka 1897 na grupu za damu zilitambuliwa na Karl Landsteiner, huko Vienna, mwaka 1901. Wale madaktari walifanya walichokijua madaktari wa siku zao: unamchukua kijana mwenye afya, unampa mgonjwa damu yake, unaomba Mungu. Wewe unaijua kazi hiyo kuliko wote waliomo kitabuni na aliyewaandika, ndiyo maana ukurasa ule ulikosa nguvu kwako. Jinamizi hukuwa unalijua, likakuliza. Sasa unalijua.

Kimalize basi. Naelewa kwa nini ulikifunga pale, ningekuwa na mtoto wa miaka sita ndani ningekifunga pia. Lakini umekiacha mahali pabaya kuliko pote: watoto wa kitabuni wamo hatarini na wakubwa karibu wote hawajui kinachoendelea. Ukikomea hapo kichwa chako ndicho kitakachoandika kilichobaki, na kichwa cha mtu asiyelala ni mwandishi mkali kuliko Stoker. Sura chache tu mbele mambo yanageuka. Mina, mke wa yule kijana mwanasheria, anakusanya kila karatasi. Daktari Seward, mmoja wa wale waliomtibu Lucy, alikuwa akiisema shajara yake kwenye fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, imo kwenye mitungi ya nta. Mina anaisikiliza yote, anaipiga taipu, anaipanga kwa tarehe pamoja na za wengine, nakala tatu. Mtu wa rejista kama wewe utamwelewa vizuri sana. Hofu inaanza kupungua siku wale watu wanapokaa meza moja, kila mmoja akasoma alichoandika mwenzake.

Halafu wanaume wanaamua Mina asiambiwe tena kitu, wasije wakamtia hofu. Sitakutolea utamu. Fika sura ya 21 uone uamuzi huo uliwagharimu nini. Ila wewe usingoje sura ya 21 kumpigia mumeo. Mpigie leo. Atacheka, acha acheke, mtu wa mgodini anayeshuka chini ya ardhi kila siku ana hofu zake ambazo hajakusimulia. Kinachonitia wasiwasi ni asikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mama yake, tayari mganga ametajwa na laki tatu zinatafutwa.

Namna ya kusoma: mchana, siku ya mapumziko, barazani, watu wanapita na muuza kashata anapiga kelele zake. Magharibi ikiingia umeshakifunga. Kitabu chenyewe kimekusaidia, kimekatwa vipande vyenye tarehe. Maliza tarehe, weka alama, inuka. Usikubali kuingia tarehe ya pili kwa sababu ya kwanza imeishia pabaya, kila tarehe imeishia pabaya, ndiyo biashara yake. Na lile jalada lifunike kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana. Nimeshaona mengi ya namna hiyo, wachapishaji wanadhani bila meno na tone la damu hatutanunua.

Sasa mama yako mkwe.

Mimi nadhani alipoliona jalada lile Dracula hakumwona kabisa, habari zake atakuwa hazijui. Alimwona mumiani. Kabla ya uhuru, kutoka Mombasa na Nairobi mpaka Kampala na Dar es Salaam, watu waliamini kuna wanaokamata wapita njia usiku na kuwakamua damu. Huku kwetu wakiitwa mumiani au chinjachinja. Mijini waliitwa wazimamoto, maana lile gari jekundu lenye mipira mirefu lilidhaniwa ndilo la kazi hiyo. Watoto waliitwa ndani magharibi kwa ajili yao. Wakubwa waliipita stesheni ya zimamoto kwa upande wa pili wa barabara. Mwanahistoria Mmarekani, Luise White, aliwafuata wazee wa Kenya na Uganda akakusanya simulizi hizo, akazitolea kitabu mwaka 2000, na hakuwacheka. Aliyachukua maneno yao kuwa ushahidi wa namna watu walivyouona utawala wa kikoloni, uliokuwa ukiwachukua kazini, ukiwapima, ukiwadunga, bila kuwaeleza.

Wewe makombo yake unakutana nayo kila siku kazini. Ndugu wa mgonjwa anaambiwa achangie chupa moja, anasema anakwenda kunywa chai kwanza, harudi. Mwingine anakuuliza damu hiyo mnaiuza wapi. Sasa mfikirie mama aliyelelewa na wazee wenye habari hizo, mkwewe anaondoka nyumbani kwenda kudunga watu sindano na kujaza vichupa, anarudi na kitabu chenye mdomo unaodondosha damu, kisha anaamka anasema amekandamizwa. Kwa hesabu zake, mambo yote yameingia mahali pake. Hana wazimu. Ana ushahidi, tena mwingi, isipokuwa ni wa kesi nyingine.

Kwa hiyo usianze na Dracula wala sayansi ya usingizi. Siku moja alasiri, mnachambua mchicha au mnapepeta mchele, muulize: "Mama, nyinyi zamani habari za mumiani mliambiwaje?" Kisha nyamaza, msikilize mpaka mwisho. Nina hakika simulizi yake itamshinda Stoker, ndiyo maana nimekwambia alasiri. Akishamaliza, mweleze jinamizi na zamu zako, kwa maneno yako, na mweleze unachokifanya na vile vichupa maabara, kimoja kinakwenda wapi, kingine kinakwenda wapi. Huenda hajawahi kuelezwa na mtu, na wewe uko naye nyumba moja.

Kuhusu kuchoma, jibu ni jepesi na litamwingia: kitabu si chako. "Mama, hiki nimekabidhiwa, ni amana ya mtu. Nikikichoma nitamrudishia nini?" Mama wa Kiislamu hatakwambia uchome amana. Na ili naye apate lake, kitabu kisilale nyumbani tena. Kiwe kwenye kabati lako kazini, ukija nacho siku ya mapumziko jioni kitoke. Ijumaa ikifika hakimo ndani, na hakuna kilichochomwa.

Dua ipokee. Shehe wa mtaa akija kusoma, vaa vizuri, kaa, itikia amina. Mama akilala roho imetulia, nawe utalala. Kombe likiletwa, ukipenda kunywa kunywa, ila ulizia maji yamechemshwa, wewe ndiye unayepima homa ya matumbo. Mganga wa laki tatu hapana. Hapo usilegee hata kwa heshima. Mtu anayetaja bei ya jini kabla hajakuona hatakosa jini la pili baada ya kulipwa, na bei yake itakuwa imepanda. Jirani mwambie umeshasomewa, basi.

La mtoto ndilo lililonikera, nikwambie ukweli. Mtoto wa miaka sita akiwa karibu, hadithi hiyo haisimuliwi, hata kwa kunong'ona, kwa sababu mnapoanza kunong'ona ndipo anaposikiliza. Usimwambie "hakuna kitu, nenda" huku anaona taa zenu zinawaka mpaka asubuhi. Nenda naye chooni, tochi ashike yeye, wewe simama nje mzungumze habari za shule. Wiki ya pili simama mlangoni pa nyumba. Akiuliza kama yule mtu yupo kweli, mjibu ni hadithi iliyotungwa na mzee mmoja zamani sana ili watu wanunue kitabu, wakanunua.

Mwisho, jinamizi likikurudia kila wiki, au ukijikuta unasinzia juu ya hadubini, muone daktari hapo hapo kazini umweleze saa unazolala. Mkuu wa maabara naye muombe asikuchanganyie zamu za usiku na za mchana ndani ya wiki moja mpaka utakapokaa sawa. Hilo ni ombi la kawaida, na hapo hulazimiki kutaja kitabu.